Daftari la Pili

Siku nilipokwenda kumchukua Pili, mama aliyekuwa akimlea alinikabidhi vitu vitatu: blanketi kuukuu ambalo kwa makusudi halikufuliwa, mfuko wa chakula cha siku 10, na daftari nene lililojaa mwandiko mdogo ulioinamia upande mmoja. Blanketi na chakula nilivitarajia, kwa kuwa kikundi kilichomwokoa mbwa huyu kilikuwa kimenieleza mapema. Daftari sikulitarajia. Humo mlikuwa na majuma 26 ya maisha ya mbwa mmoja, siku baada ya siku: alikula saa ngapi na kiasi gani, choo chake kilikuwaje, alilala upande gani wa chumba, alishtushwa na nini na akakaa muda gani chini ya meza kabla ya kutoka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu. "Amefika usiku. Hajanitazama."

Nimeishi na Pili mwaka na nusu sasa. Watu wanaponiuliza kwa nini nilikubali kujaza fomu ndefu, kuhojiwa, kukaguliwa nyumba na kusubiri, ilhali watoto wa mbwa wanauzwa kila mahali, jibu langu huwa ni lile daftari. Mbwa aliyelelewa nyumbani mwa mtu huja na shahidi wake. Yupo binadamu aliyemwona akiugua na akipona, akiogopa radi, akiiba soksi na kuzificha, na binadamu huyo yuko tayari kukusimulia yote, mabaya yakiwemo, kabla hujaweka saini popote.

Kikundi kilichomwokoa Pili hakina jengo wala mfanyakazi anayelipwa mshahara. Kina watu wa kujitolea, ambao wengi wao wana kazi zao za mchana, na kila mbwa aliye mikononi mwa kikundi anaishi nyumbani mwa mmoja wao, aitwaye mlezi wa muda. Mwingine husoma maombi ya wanaotaka mbwa, mwingine huwasafirisha, mwingine hupanga miadi na daktari wa mifugo na kutunza kumbukumbu za chanjo. Kwa utaratibu huu idadi ya mbwa wanaoweza kuokolewa haizidi idadi ya nyumba zilizo wazi wiki hiyo. Nilipojiunga na mazungumzo yao nilishangaa jinsi hesabu hiyo inavyotawala kila kitu. Mlezi mmoja akisafiri, mbwa mmoja hana pa kwenda. Mbwa mmoja akipata nyumba ya kudumu jioni, asubuhi yake mara nyingi kuna mwingine njiani kuja kulala mahali palepale.

Wazo la kuwakusanya pamoja mbwa wasio na mwenyewe lina umri mrefu. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea huko Holloway, London, na mwaka 1871 makao hayo yakahamia Battersea, ambako yapo mpaka leo. Makao ya aina hiyo hubeba mzigo ambao kikundi cha watu 20 hakiwezi kuubeba, na sipendi kuwasikia watu wakiyabeza. Hata hivyo, safu ya vizimba ni mahali pagumu pa kumjua mbwa. Kelele hazikatiki, harufu za wageni ni nyingi, na mbwa mwoga hujikunja kwenye kona hadi mtu akamdhania mgonjwa, wakati mbwa mchangamfu huruka ukutani hadi akadhaniwa mkorofi. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika makao matano, ambapo mbwa walipelekwa kulala nyumbani mwa watu usiku mmoja au miwili. Walipima kwenye mkojo kiasi cha kortisoli, homoni inayoongezeka mwili unapokuwa katika msongo, wakakuta imepungua mbwa alipokuwa nyumbani na imerudi ilipokuwa mara aliporejeshwa kizimbani. Ikiwa usiku mmoja tu wa nyumbani unambadilisha mbwa kiasi cha kuonekana kwenye mkojo wake, basi unaweza kufikiri majuma 26 yanamfanya nini.

Mbwa niliyemwomba kwanza hakuwa Pili. Nilikuwa nimeona picha ya dume wa miezi saba, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala, na moyo wangu ukawa umekwisha kuamua kabla sijasoma maelezo yaliyoandikwa chini yake. Fomu iliuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote: ni nani wote wanaoishi humu ndani na kama wote wanakubali, mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi, mbwa atakaa peke yake saa ngapi kwa siku, wanyama niliowahi kufuga walifikia mwisho gani, na ni jambo gani litakalonifanya nimrudishe. Swali la mwisho liliniudhi. Niliandika kwamba hakuna, na sasa najua kwamba jibu hilo halimsaidii msomaji wa fomu hata kidogo, kwa maana kila aliyewahi kumrudisha mbwa aliandika vivyo hivyo.

Baada ya fomu walimpigia daktari wa mifugo aliyemtibu paka wangu wa zamani. Kisha akaja mwanamke mmoja wa kikundi kuitazama nyumba. Nilikuwa nimepiga deki na kupanga vitabu. Hakuvitazama. Alitembea kandokando ya uzio akiinama kila baada ya hatua chache, akatia ngumi yake kwenye pengo lililokuwa chini ya lango, akalisukuma lango lenyewe kuona kama komeo linashika. Aliniambia kwa upole kwamba pengo lile lingemtosha mbwa wa ukubwa wa wastani aliyetishika, kwani mbwa aliyetishika hupita mahali ambapo mwili wake, kwa kuutazama, usingeweza kupita. Niliziba pengo wikiendi hiyo hiyo.

Wakaninyima yule dume. Mlezi wake aliandika kwamba anahitaji mbwa mwenzake na mtu wa kukimbia naye kila asubuhi, na kwamba akibaki peke yake kwa saa tatu hutafuna milango. Mimi nilikuwa nimeandika saa tano. Nilikasirika kwa siku kadhaa, nikahisi nimehukumiwa na watu wasionijua, na nakiri hapa kwamba niliandika ujumbe mkali ambao namshukuru Mungu sikuutuma. Sasa naona kwamba walikuwa wamenisoma vizuri kuliko nilivyojisoma. Mimi ni mtu wa kukaa. Nafanyia kazi zangu nyingi nyumbani, kimya kimya, na dume yule angenichukia kabla mwezi haujaisha.

Hapo ni haki kusema jambo moja dhidi ya vikundi hivi, kwa kuwa nimewasikia watu wengi wakilalamika na si wote wanaokosea. Baadhi ya vikundi huweka masharti ambayo hayamtazami mtu wala mbwa: hakuna atakayepewa akiwa anafanya kazi siku nzima, hakuna atakayepewa akiwa hana ua. Kikundi kimoja nilichokiandikia mwanzoni hakikunijibu kabisa, na kingine kilinijibu baada ya miezi miwili kwa sentensi moja. Mbwa mzee anayelala saa nyingi za mchana hahitaji ua mkubwa, anahitaji mtu mtaratibu na zulia lisiloteleza. Kikundi kinachomjua mbwa wake kupitia mlezi hakina haja ya kanuni ya jumla, kwa sababu kina habari mahususi, na nadhani pale kanuni ya jumla inapotumika badala ya habari hiyo, faida yote ya ulezi wa nyumbani inakuwa imetupwa.

Siku 12 baada ya kukataliwa nilipigiwa simu. Kulikuwa na jike wa takriban miaka minne, mkubwa wa wastani, rangi ya majani makavu, aliyekutwa amefungwa pamoja na mwenzake kwenye nyumba iliyohamwa. Mwenzake waliyempa jina la Mosi alikuwa mwepesi wa kuzoea watu na alikwisha kupata nyumba. Yeye, Pili, alikuwa na minyoo ya moyo.

Ugonjwa huu huletwa na mbu, na minyoo yenyewe hukaa kwenye moyo na kwenye mishipa mikubwa inayoelekea mapafuni. Tiba yake ni ndefu na ina hatari. Pili alipewa kwanza dawa za kumeza kwa mwezi mzima, akasubirishwa, akachomwa sindano ya kwanza ya kuua minyoo siku ya 60, ya pili siku ya 90 na ya tatu siku ya 91. Katika muda wote huo, na kwa wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, hakuruhusiwa kukimbia, kuruka wala kucheza, kwa sababu minyoo inayokufa humeguka, na vipande vyake vinaweza kuziba mishipa ya mapafu moyo ukienda mbio. Jaribu kufikiria kumtuliza mbwa kwa miezi mitano kwenye safu ya vizimba, ambapo kila mlango unaofunguliwa huamsha kelele za mbwa wote. Kwa mama yule alikuwa na chumba cha nyuma, pazia, na mwanamke anayeshona huku redio ikiongea kwa sauti ya chini. Daftari linaonyesha mapigo ya moyo yaliyohesabiwa kila jioni.

Watu hulalamikia pia ada ya kumchukua mbwa, wakisema kwamba mbwa aliyeokolewa hafai kuuzwa. Nilikuwa na wazo hilo hilo hadi nilipoonyeshwa hesabu. Ada niliyolipa haikufikia hata nusu ya gharama za sindano zile tatu, acha kuhesabu vipimo, chanjo, dawa za kupe na viroboto, na upasuaji wa kumfunga kizazi. Ada ya mbwa mwenye afya aliyehitaji chanjo na upasuaji tu ndiyo inayomsaidia mgonjwa, na tofauti inayobaki hutoka mifukoni mwa wale wale wanaojitolea.

Nilikwenda kumwona mara tatu kabla ya kumchukua. Mara ya kwanza sikumwona ila pua. Mama mlezi alinikalisha sakafuni, mgongo kuelekea meza, akaniomba nisigeuke, nasi tukazungumza karibu saa nzima kama kwamba hakuna mbwa chumbani. Alinieleza kila kasoro bila kuificha: kwamba Pili hawezi kushikwa miguu ya nyuma, kwamba anakula akiwa peke yake tu, kwamba mwanamume akiingia amevaa kofia yeye hujikojolea, kwamba katika wiki zote zile hajawahi kubweka hata mara moja. Daktari alikuwa ameangalia koo lake na hakukuta ugonjwa. "Sauti anayo, mwanangu," alisema. "Hajapata tu la kusema." Nilimuuliza kwa nini ananieleza mambo ya kunikatisha tamaa. Akajibu kwamba anataka nimkatae pale, mbele yake, kuliko nimkatae baada ya mwezi.

Mkataba niliosaini una kifungu ambacho sasa ndicho cha kwanza ninachomwambia mtu akitafute anapochagua kikundi. Nikishindwa kumtunza Pili kwa sababu yoyote, iwe baada ya wiki au baada ya miaka kumi, ninapaswa kumrudisha kwao, na nimekatazwa kumpa mtu mwingine. Wengine huona kifungu hicho ni cha kutawala. Mimi nakiona kuwa ahadi: mbwa huyu hatakosa tena pa kwenda maadamu kikundi kipo. Ahadi hiyo imefungwa pia mwilini mwake. Chini ya ngozi, katikati ya mabega, ana chipu ndogo kiasi cha punje ya mchele yenye namba ya tarakimu 15, na kwenye rejista namba hiyo imeandikwa kwa jina langu kwanza na la kikundi pili. Watu wengi hudhani chipu humwonyesha mbwa alipo. Haina betri na haitumi chochote. Husomeka tu pale mtu mwenye kifaa cha kuisomea anapokisogeza karibu, ndiyo maana simu iliyoandikwa kwenye rejista isipokuwa sahihi chipu ni kama haipo.

Waokoaji wa mbwa wana msemo wa siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za bumbuwazi, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwake. Ni kipimo cha kukadiria tu, na kwa mbwa kama Pili kilikuwa kifupi mno, lakini kilinisaidia kutomdai asichokuwa nacho. Daftari lilinisaidia zaidi. Nililaza blanketi lile kuukuu chini ya meza yangu, likiwa bado na harufu ya chumba cha nyuma. Nilimlisha chakula alichozoea na kukibadilisha kidogo kidogo kwa siku 10, maana tumbo la mbwa halipendi mageuzi ya ghafla. Nje nilimtoa akiwa na kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, kwa kuwa ukurasa wa siku ya 19 ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: HURUDI NYUMA NA KUCHOMOKA. Wiki za kwanza ndizo ambazo mbwa wapya hupotea, tena hukimbia bila kujua pa kurudi, kwa sababu nyumba ile bado si yao.

Siku ya sita nilikosea. Ndugu zangu walikuwa na hamu ya kumwona, nami nilikuwa na fahari ya kumwonyesha, nikawakaribisha watu wanne kwa wakati mmoja. Mmoja alivaa kofia. Nilikuwa nimesoma habari ya kofia, niliambiwa kwa mdomo, na bado nilisahau kumwomba aivue mlangoni. Pili aliingia nyuma ya kabati, akajikojolea, na hakutoka usiku kucha wala asubuhi iliyofuata. Hakugusa chakula wala maji. Saa nne za usiku nilimpigia mama mlezi nikiwa karibu kulia, nikitarajia lawama. Hakunilaumu. Aliniambia nisogeze bakuli la maji hadi ukingoni mwa kabati, nizime taa kubwa, nikae sakafuni na mgongo wangu kwake, kisha nisome kitu chochote kwa sauti ya kawaida, bila kusita na bila kumwita jina. Nilisoma maelekezo ya mashine ya kufulia, yaliyokuwa karibu. Nilirudia tena mchana wa siku ya pili yake. Saa nane nilisikia ulimi ukipiga maji.

Nimefikiri sana juu ya simu ile. Kama ningemnunua, au kama ningemchukua kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi naye, ningempigia nani usiku ule? Daktari angeniambia kuhusu maji na njaa, na angekuwa sahihi. Lakini ni mtu mmoja tu duniani aliyejua kwamba mbwa huyu hutulizwa na sauti ya binadamu isiyomwelekea yeye, na alijua kwa sababu alikuwa ameshona mbele yake, redio ikizungumza, kwa miezi sita.

Sielewi vizuri jinsi walezi wanavyoweza kuwaachilia mbwa wao. Nilimuuliza mama mlezi mara moja, naye akasema kwamba kumwachilia kila mmoja kunauma, na kwamba aliwahi kushindwa kumtoa mmoja, ambaye sasa ni mzee na ndiye aliyekuwa akilala mlangoni mwa chumba cha Pili. Kikundi kilifurahi pamoja naye, lakini nyumba yake ilibaki na nafasi moja pungufu kuanzia siku hiyo. Alipokuwa akinipa daftari aliniomba kitu kimoja. Alisema hahitaji picha kila wiki, ingawa ningependa kumtumia asingekataa. Alitaka tu, siku Pili atakapobweka, nimpigie.

Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi, ndoo ya plastiki ilipoangushwa na upepo na kubingirika uani. Pili alisimama mlangoni, manyoya ya mgongoni yamemsimama, akabweka mara mbili. Kisha akageuka kunitazama, masikio nyuma, kama aliyesikia sauti hiyo ikitoka kwa mbwa mwingine. Sikumwita wala sikusogea. Nilingoja hadi alipokwenda kuinusa ile ndoo na kurudi kulala, ndipo nikachukua simu.

Mama mlezi alikaa kimya kwa muda hadi nikadhani simu imekatika. Nyuma yake nilisikia vilio vya watoto wa mbwa, wengi, waliofika jana yake usiku. Halafu akauliza, "Nzito au nyembamba?"

"Nzito, mama. Nzito sana."

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani itakuwa nyembamba." Aliniomba nisubiri kidogo ili atafute kalamu.